Makofi ya Ghorofa ya Tatu

Tak In-gyu alikuwa msanifu wa majengo ambaye jina lake lilikuwa limeanza kutajwa na watu asiowajua. Ofisi yake ilikuwa katika mji wa Cheongju, juu ya duka la miwani, na kwa miaka mingi ilikuwa ikiishi kwa kuchora shule za chekechea na zahanati ndogondogo, kazi ambazo humpa mtu chakula lakini hazimpi sifa. Kisha hospitali ya watoto ikatangaza kwamba inataka kujenga jengo la utafiti, mahali pa kutafuta dawa za magonjwa ya watoto ambayo bado hayana dawa. In-gyu akashinda kazi ile mbele ya ofisi kubwa za Seoul, na siku ile mkewe alisema hajawahi kumwona akila huku amesimama.

Alishinda kwa wazo moja tu. Alisema maabara huzeeka upesi kuliko jengo lake. Leo wanasayansi wanachunguza misuli, mwakani damu, baadaye ubongo, na kila wanapobadilisha swali hujikuta wamefungwa na kuta zilizojengwa kwa ajili ya swali la zamani. Basi yeye angejenga ghorofa zisizo na ukuta wa kudumu. Maji, gesi na umeme vingeshuka kutoka darini. Meza zingekuwa na magurudumu. Kuta zingekuwa za vipande vinavyofunguliwa kwa bisibisi na kufungwa tena mahali pengine, hata ghorofa nzima ikaweza kubadilika sura kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi.

Kabla ya kuchora alikaa na watu watakaolitumia jengo. Profesa Eom Hui-ju, bingwa wa magonjwa ya misuli ya watoto, mwanamke mwenye sauti ndogo ambaye watu walinyamaza ili wamsikie, alimwambia asiwasikilize wanasayansi peke yao. Akamkutanisha na wazazi ambao watoto wao walikuja mara kwa mara kupimwa na kutolewa damu kwa ajili ya utafiti. Msemaji wa wazazi hao aliitwa Bu Mi-ok, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Wote walimwita Mama Da-on, kwa jina la mwanawe, mtoto wa kiume aliyetembelea kiti cha magurudumu na ambaye misuli yake ilikuwa inachoka mwaka hadi mwaka, lakini mdomo wake haukuchoka kamwe.

Wazazi walizungumza mambo mengi siku ile, ya vyoo na ya maegesho, lakini Mama Da-on alikuwa na ombi moja.

"Bwana Tak, sisi majengo hatuyajui," alisema. "Ila hawa watoto hawaji kutibiwa. Dawa yenyewe haipo. Wanakuja kutoa damu yao ili dawa ipatikane, labda wao wataiwahi, labda hawataiwahi. Sasa wanachomwa sindano kule chini, damu inapandishwa juu, hawajui inakwenda wapi. Tunaomba chumba chao kiwe hukohuko juu, kwenye maabara, na kiwe na kioo. Wawaone hao wanaohangaika na damu yao. Na hao nao wawaone watoto, wasije wakasahau."

In-gyu aliguswa, na hakujifanya. Usiku wa siku ile alikichora chumba kile katikati ya ghorofa ya tatu, upande wa kusini wenye jua, kikiwa na kioo kirefu kinachotazama maabara. Alipokwenda kueleza mchoro wake mbele ya kamati ya hospitali, alirudia maneno ya Mama Da-on karibu yote, na mjumbe mmoja akatoa leso. Wazazi walipomuuliza kama chumba kile kitabaki pale siku zote, aliwaambia wasiwe na wasiwasi, hakitaguswa.

Mhandisi wa jengo alikuwa Chae Dong-pil, rafiki yake tangu chuoni. Walikuwa wamekula pamoja tambi za bei rahisi za miaka ya ujana, wakakopana koti la kwenda kwenye usaili, na kila mmoja alimjua mwenzake hadi mahali panapomuuma. Siku moja wakiwa wameinamia michoro mezani, Dong-pil aliweka kidole juu ya chumba cha watoto.

"Hiki nikijenge kwa matofali, siyo? Maana chenyewe hakihami."

In-gyu aliutazama mchoro wake kwa muda. Ghorofa ilikuwa nyeupe na tupu, imenyooka kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, na kila kitu ndani yake kilikuwa chepesi. Akawaza chumba kizito cha matofali kimekaa katikati yake kama jipu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema: jarida la usanifu lilikuwa limeshampigia simu, na sentensi ambayo mwandishi aliipenda zaidi ilikuwa kwamba ghorofa nzima haina ukuta wa kudumu hata mmoja.

"Kiache kiwe cha vipande kama vingine," alisema.

"Kitu kinachohamishika, ndugu yangu, atatokea mtu akihamishe."

"Wewe unazeeka vibaya. Nani atakayekwenda kumhamisha mtoto mgonjwa?"

Dong-pil alicheka, naye akacheka, wakaendelea na mabomba ya maji.

Jengo lilipofunguliwa jarida lilikuja, likapiga picha, na sentensi ile ikatoka kwenye ukurasa wa mbele. Watoto walikipenda chumba chao. Da-on aliwapa majina ya utani wanasayansi waliokuwa ng'ambo ya kioo, na kijana mmoja mtafiti alizoea kuinua kichupa cha damu na kukipunga, kama anayemwonyesha mtu mzigo wake kwamba umefika salama. Profesa Eom alisema watafiti wake wameanza kuchelewa kwenda kula siku ambazo watoto wanakuja. In-gyu alisikia habari hizo na moyo wake ukatulia. Kisha kazi nyingine zikaja, kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa kutafutwa, na miezi mingi ikapita hajakanyaga pale.

Alirudi akiwa na wageni. Kundi la wasanifu kutoka Taipei lilikuwa limeandika kuomba kulitazama jengo, na hospitali ikafurahi, ikamwomba aje awaongoze. Alivaa koti lake zuri. Mkurugenzi wa hospitali, Mok Sang-heon, mtu wa heshima anayependa mambo yaende, aliwapokea mlangoni na kuwapandisha ghorofa ya tatu yeye mwenyewe.

Milango ya lifti ilipofunguka In-gyu hakuelewa mara moja alichokosa. Jua lilikuwepo. Meza zilikuwepo. Kisha akaona kwamba mahali palipokuwa na chumba cha watoto palisimama mafriza marefu meupe, safu baada ya safu, yakinguruma kwa sauti ya chini.

Mkurugenzi Mok alisimama mbele yake na kugeuka kuwatazama wageni. Aliwaambia kwamba pale waliposimama palikuwa na chumba cha watoto. Hospitali ilipata mtafiti mpya mwenye jina, akahitaji mahali pa kuhifadhi sampuli zake kwenye baridi kali, karibu na meza zake za kazi.

"Ijumaa jioni tulikuwa na chumba," alisema, "Jumatatu asubuhi tukawa na mafriza. Hakuna vumbi, hakuna nyundo, hakuna mtafiti aliyesimamisha kazi yake hata saa moja. Hilo ndilo jengo la Bwana Tak."

Wageni walipiga makofi. Waliyapiga kwa dhati, kama watu wa fani moja wanaoona jambo walilozoea kuliona kwenye karatasi likiwa limetendeka. Wawili watatu waligeuka wamtazame In-gyu, wakitabasamu. Naye, kabla hajajua anafanya nini, mikono yake ilikuwa imeshakutana. Alipiga makofi pamoja nao.

Alikuwa bado anapiga alipogeuza shingo. Karibu na lifti alisimama Mama Da-on, ameshika kiti cha mwanawe kwa nyuma. Walikuwa wamepanda kumsalimu Profesa Eom. Mama Da-on alimwona, akainamisha kichwa kidogo, salamu ile ya kawaida ambayo mtu humpa mtu anayemfahamu, kisha akakirudisha kiti ndani ya lifti, na milango ikajifunga.

Ziara iliendelea. In-gyu aliwaonyesha wageni namna mabomba yanavyoshuka kutoka darini na namna ukuta unavyofunguliwa. Mmoja wao alimuuliza swali gumu kuhusu mtikisiko wa sakafu chini ya mitambo mizito, naye akalijibu vizuri sana, kwa mifano. Baadaye, katika yote ya siku ile, jambo lililomchoma karibu sawa na makofi lilikuwa jibu lile. Hakuamini kwamba alikuwa na ulimi wa kulitoa.

Wakati wa chakula cha mchana wageni walikaa mbele ya bakuli za supu ya ng'ombe, wakasifia kimchi, kabichi ile ya pilipili, yeye akachezea kijiko. Akaomba radhi kwamba ana simu ya kupiga, akarudi jengoni peke yake, akamuuliza nesi watoto wako wapi siku hizi. Nesi alimwelekeza chini, ghorofa iliyo chini ya ardhi.

Huko kulikuwa na njia ya malori. Upande mmoja mizigo ilishushwa, maboksi ya glavu na chupa yakipangwa hadi dari, na upande wa pili ulisikika mlio wa jenereta nyuma ya mlango wa chuma. Hewa ilikuwa na harufu kavu ya chakula cha panya wa maabara. Mwisho wa njia kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Kuta zake alizitambua, zilikuwa ni vipande vyake vilevile, vimeshushwa kutoka juu na kufungwa upya. Kioo kirefu kilikuwepo pia, kikitazama maboksi. Mtu fulani mwenye huruma alikuwa amebandika juu yake samaki wa karatasi.

Mama Da-on alikuwa akimnywesha mwanawe chai ya shayiri kutoka kwenye themosi. Alipomwona In-gyu mlangoni alisimama upesi, akampisha kwenye kiti chake, kiti pekee kilichokuwamo, na In-gyu akakataa, na wakabishana kwa adabu hadi wote wawili wakabaki wamesimama.

"Ndiyo umeona leo?" alimuuliza. "Mimi nilikuwa nawaambia wenzangu, Bwana Tak hajui. Angejua asingekubali."

Hakulisema kwa kumsuta. Alilisema kama mtu anayefurahi kwamba alimtetea mtu na utetezi wake umethibitika. In-gyu alifungua mdomo lakini Da-on akamtangulia.

"Mjomba, mbona ulipiga makofi?"

"Da-on," mama yake akamkemea.

"Namuuliza tu. Nilimwona."

In-gyu aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Wenzangu walipiga," alisema, "nami nikapiga."

"Hata kama kitu chenyewe ni kibaya?"

"Hata kama ni kibaya."

"Aa," Da-on akasema, kama mtu aliyeuliza saa akajibiwa, akarudi kwenye chai yake.

Mama Da-on aliona haya kwa niaba ya mwanawe, akaanza kuomba msamaha, kwamba mtoto huyu hana breki mdomoni. Kisha, ili kuyabadilisha mazungumzo, akauliza lile ambalo In-gyu alikuwa akiomba lisiulizwe. Imekuwaje? Yeye si aliwaambia chumba hakitaguswa?

Hapo alikuwa na nafasi yake. Watu walikuwa wawili tu, mama na mtoto, na mlango ulikuwa umefungwa. In-gyu akajibu kwamba uamuzi ulikuwa wa hospitali na kwamba yeye hakuulizwa. Ilikuwa kweli, kila neno lilikuwa kweli, na alipokuwa akilitamka alihisi masikio yake yakiwaka moto. Mama Da-on alimshukuru kwa kushuka. Akasema wazazi wameomba kuonana na mkurugenzi, na je, Bwana Tak angekubali kuja kukaa upande wao, maana yeye ndiye anayelijua jengo? In-gyu akasema atakuja. Asingeweza kusema vinginevyo.

Alimpigia Dong-pil siku ileile na kumsimulia. Alitarajia acheke, amwambie nilikuambia, amtukane kidogo kama walivyozoea. Dong-pil hakucheka.

"Na wewe umewaambia nini?"

"Kwamba hospitali iliamua."

"Basi?"

"Basi."

"Mimi sitasema kitu, In-gyu," Dong-pil akasema. "Ila siku hiyo usinitafutie kiti karibu yako."

Siku za kungoja mkutano zilikuwa mbaya. Ofisini vijana wake walikuwa wamebandika ukutani ukurasa wa jarida, na In-gyu, ambaye kila asubuhi alikuwa akipita mbele yake bila kuutazama na bila kuacha kuuona, sasa alizunguka kwa nyuma ya mashine ya kuchapia. Mkewe alimuuliza ana nini. Akamwambia tumbo. Mkewe akampikia uji wa mchele, akaula wote kwa aibu, kwa sababu tumbo lake lilikuwa zima.

Mkutano ulifanyika kwenye chumba cha mikutano cha hospitali. Upande mmoja walikaa wazazi, na In-gyu katikati yao, kama walivyomwomba. Upande wa pili alikaa Mkurugenzi Mok na wasaidizi wake, na mwisho wa meza Profesa Eom na Dong-pil, aliyeitwa kama mhandisi. Dong-pil alimsalimu kila mtu, akamsalimu na In-gyu kama kila mtu.

Mkurugenzi Mok hakuwa mtu mbaya, na jambo hilo lilifanya yote yawe magumu zaidi. Alieleza kwamba mtafiti mpya anachunguza saratani ya damu ya watoto wachanga, na wale nao ni watoto. Nafasi ilikuwa inatakiwa haraka. Alitazama ghorofa nzima, akaona chumba kimoja kinachotumika siku chache kwa wiki, akakihamisha. Mama mmoja akamjibu kwamba msanifu aliwaahidi chumba kile hakitaguswa, na kwamba hospitali imeisaliti kazi ya msanifu. Wenzake wakaitikia. Mzazi aliyekaa kushoto kwa In-gyu alimgusa mkono, kama anayempa pole.

"Namheshimu sana Bwana Tak," Mkurugenzi Mok akasema. "Lakini mimi nilikabidhiwa jengo ambalo kila kitu ndani yake kinahama. Kama kulikuwa na chumba kimoja kisichotakiwa kuhama, kwa nini kilijengwa kama vingine vyote? Bwana Chae, wewe ndiye mhandisi. Kwenye michoro kuna mahali popote panaposema chumba hiki kisihamishwe?"

"Hapana," Dong-pil akasema.

"Kwa nini hapana?"

Dong-pil hakujibu. Alikuwa akiitazama mikono yake mezani. Mkurugenzi alingoja, wazazi wakangoja, na kimya kikarefuka hadi kikaanza kuonekana kama kosa la Dong-pil. In-gyu akaona shingo ya rafiki yake ikianza kuwa nyekundu, kuanzia kwenye ukosi kwenda juu. Alikuwa ameijua shingo ile kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Dong-pil alikuwa tayari kuonekana mzembe mbele ya watu wote wale, na alikuwa akifanya hivyo bila hata kumtazama.

"Aliniuliza," In-gyu akasema.

Watu wakamgeukia.

"Bwana Chae aliniuliza kama akijenge chumba kile kwa matofali. Mimi nikakataa. Nilitaka niweze kusema kwamba ghorofa nzima haina ukuta wa kudumu. Nilijua chumba kile hakitakiwi kuhama. Ila kwenye picha kingeharibu."

Mtu fulani aliweka kikombe chini taratibu. Mzazi wa kushoto aliondoa mkono wake. In-gyu alisimama, akainama kutoka kiunoni hadi akawa anaona viatu vyake tu, na akabaki hivyo. Alikuwa akingoja watu wamfokee. Kufokewa kungempa mahali pa kusimama.

Sauti aliyoisikia ilikuwa ya Mama Da-on, na ilikuwa ya kawaida.

"Nilikuuliza, pale chini."

"Ndiyo."

"Ukaniambia hukuulizwa."

"Ndiyo."

"Haya," Mama Da-on akasema. Kisha akageuza kiti chake kidogo, mgongo wake ukawa upande wa In-gyu. "Mkurugenzi, tuendelee. Chumba kitarudi juu au hakirudi?"

In-gyu akakaa. Kuanzia hapo walizungumza kana kwamba kiti chake ni kitupu. Ilizungumzwa habari ya mafriza, kwamba hayawezi kuondoka. Ilizungumzwa ghorofa ya nne, kwamba haina nafasi. Mwishowe Profesa Eom akasema kwa sauti yake ndogo kwamba upande wa mashariki wa ghorofa ya tatu kuna ofisi yake na chumba kidogo cha vikao, na jua la asubuhi linaingia mle. Vyumba hivyo vikiunganishwa na ukuta wa upande wa maabara ukawekwa kioo, watoto watatosha. Yeye atapata meza katikati ya wanafunzi wake, na labda itamfaa, kwa kuwa siku hizi wanamficha makosa yao. Watu wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Mkurugenzi alifikiri, akakubali.

Wazazi hawakuridhika. Walitaka chumba hicho kijengwe kwa matofali. Mkurugenzi akasita, akasema jengo lina sifa yake, wageni wanakuja kutoka mbali kulitazama, na hapo ndipo watu wakamkumbuka msanifu. Nyuso zote zikamgeukia isipokuwa moja.

"Matofali," In-gyu akasema.

Mtu akauliza kama sakafu itahimili uzito. Dong-pil akasema itahimili, upande ule na hata katikati. Aliipigia hesabu wakati ule wa kwanza, kabla hajakatazwa.

Kazi ile In-gyu aliifanya bila malipo, na hakuna aliyemshukuru, jambo lililompa nafuu kidogo. Alikuwa akifika kila asubuhi mafundi wanapoanza. Watafiti walilalamika kuhusu vumbi na nyundo. Kuta zilipopanda, chumba kilikuwa kizito na cha kijivu, hakikufanana na chochote kwenye ghorofa ile, na Mkurugenzi Mok alipopita alikitazama kwa muda mrefu akasema, bila ubaya, kwamba ni doa. In-gyu akakubali kwamba ni doa.

Jarida lilipiga simu tena. Lilikuwa linarudi kuyatazama majengo yaliyosifiwa miaka ya nyuma, na mwandishi alikuwa ameona picha mpya, akataka kujua lile dude la mashariki ni nini. In-gyu alimweleza kila kitu, taratibu, bila kuruka, hata makofi. Alitaka yaandikwe. Mwandishi akacheka kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi macho, akasema kila jengo lina mambo yake. Makala ilipotoka ilikuwa imeandika kwamba jengo limeonyesha uwezo wa kubadilika kuliko hata ilivyotarajiwa, na picha ilikuwa ya upande wa magharibi tu.

Dong-pil alimpigia siku ya makala, akamwambia ana njaa. Walikwenda kula supu ya damu ya ng'ombe mahali pao pa zamani. In-gyu alijaribu kuomba msamaha kwa habari ya siku ya mkutano, akaanza vizuri, akakwama katikati. Dong-pil alisukuma bakuli la figili mbele yake.

"Kula," akasema. "Inapoa."

Da-on hakuwahi kukiona chumba kile. Profesa Eom ndiye aliyemwambia In-gyu, siku matofali ya mwisho yalipokuwa yakipigwa rangi. Mtoto alikuwa amechukuliwa kwenye majaribio ya dawa Seoul, habari njema, na mama yake amehamia huko naye. In-gyu alisema ni habari njema kweli. Alikuwa ametayarisha maneno. Alikuwa ameyapanga na kuyapangua kwa wiki nyingi, asiseme sana, asijitetee, asimlazimishe mama wa watu kumwambia si kitu. Jioni aliandika ujumbe mfupi kwenye simu, akausoma, akaona kwamba ulikuwa unaomba kitu. Akaufuta. Akaandika mwingine wa kumtakia mtoto afya tu, nao akaona unaomba kitu kilekile kwa mlango wa nyuma. Mwisho hakutuma.

Siku watoto walipoanza kukitumia chumba alikwenda mapema, ili aangalie mlango mmoja uliokuwa ukikwama na kuondoka kabla wazazi hawajafika. Alikuwa amepiga magoti kwenye bawaba wakati mama mmoja kijana alipoingia, amembeba mtoto mchanga mgongoni kwa kitambaa, na begi kubwa begani. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alimuuliza kama hapa ndipo damu inapotolewa, na kama inauma sana kwa mtoto wa umri ule, na kama yeye ni fundi wa hapa.

In-gyu akasema ndiyo, ni fundi. La sindano hakulijua, lakini nesi anakuja sasa hivi.

Yule mama alimfungua mtoto, akamsimamisha mbele ya kioo akimshikilia kwapani. Upande wa pili watafiti walikuwa wakivaa makoti yao meupe. Mmoja wao aliwaona, akaacha kufunga vifungo, akasogea karibu, akakunja uso kama sungura. Mtoto alimkazia macho tu.

"Pazuri hapa," mama akasema. "Niliambiwa watatuweka chini, shimoni. Asante, mjomba."

In-gyu alitaka kumwambia kwamba shukrani hiyo si yake, lakini hadithi yenyewe ilikuwa ndefu, na mtoto alikuwa ameanza kulia. Aliinamisha kichwa, akakusanya bisibisi zake, akaujaribu mlango mara moja tena. Ulifunguka vizuri. Akatoka, akaiacha lifti, akashuka kwa ngazi.